Farasi Akiugua Homa ya West Nile, Anzeni na Maji

Masika yakianza hapa Bagamoyo, sisi tunaotunza farasi wa kupandisha watalii ufukweni huulizana swali moja: farasi mmoja akipata homa ya West Nile, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, wenzake wahamishwe? Mimi nasema hapana. Msihangaike na farasi, hangaikeni na maji.

Virusi hivi viligunduliwa Uganda mwaka 1937, na makao yake ni ndege. Mbu aina ya Culex akimnyonya ndege mwenye virusi, haambukizi papo hapo. Virusi huzaliana kwanza tumboni mwake, kisha husambaa hadi kwenye tezi za mate, kazi ya siku kadhaa. Kuanzia hapo, kila akiuma hutangulizia mate, na virusi vimo. Kule New York mwaka 1999 kunguru walikufa kwa wingi, watu na farasi nao wakaugua. Lakini damu ya farasi, kama yetu binadamu, haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Kumfukuza mgonjwa zizini ni kumwonea bure.

Farasi wengi huambukizwa wasionyeshe lolote. Anayezidiwa hupepesuka, miguu ya nyuma hulegea, midomo na shingo hutetemeka. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na tafadhali usimtie mkono mdomoni, maana kichaa cha mbwa nacho chaweza kuanza hivyo.

Sasa maji. Inama juu ya hori asubuhi, utazame vizuri. Viluwiluwi vya mbu huning'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili wavute hewa. Ukigonga hori huzama wakijinyonganyonga. Ukiwaona, mwaga yote na usugue kuta, maana mayai hubaki. Rudia kila baada ya siku tatu nne, kwa sababu kwenye joto letu yai huwa mbu kwa muda wa wiki hivi. Zoa vifuu vya madafu, na ufunike karo: Culex hupenda maji machafu kuliko masafi. Jioni washa feni bandani, mbu hawawezi upepo.

Chanjo ya farasi ipo, muulizeni daktari wenu kama inapatikana.

Ila ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua kwa kasi, huletwa na usubi, si mbu. Usubi hupenya chandarua cha kawaida, kwa hiyo madirisha ya banda yawekeeni wavu wa matundu madogo zaidi.