Mdogo Wangu Hakufa kwa Kifua

Siku ya pili ya matanga jirani mmoja aliingia, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, akatoa pole, kisha akauliza kile ambacho kila mtu huuliza: "Marehemu alikuwa anaumwa nini?" Kabla sijafungua mdomo, shangazi akamjibu: "Kifua tu, mwanangu. Kifua kilimsumbua." Nikanyamaza.

Mwaka wa tatu huu, kimya kile bado kinaniuma. Mdogo wangu alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 29. Nalitaja jina la ugonjwa hapa kwa sababu siku ile sikulitaja, na kwenye ule mkeka walikaa wanawake zaidi ya ishirini, wakaondoka hawajui kilichomuua.

Alikuwa fundi cherehani, Magomeni hapa Mtwara. Kama uliwahi kushonewa naye utamkumbuka: futi shingoni tangu asubuhi hadi magharibi, pini mdomoni, na hivyo hivyo anakuuliza hali ya mama yako. Mteja wa zamani hakumpima mara mbili. Alimtazama tu, akasema, "Umenenepa mkono." Mabaki ya kitambaa aliyashona kijigauni cha mtoto wa mteja, bila malipo. Binti yangu anavyo vinne, havimwingii tena, na sitavigawa.

Huyo aliyekuwa akipima vifua vya wanawake kutwa ndiye aliyeona kwamba blauzi yake inambana upande wa kushoto. Mtoto wake alikuwa na miezi saba, ananyonya. Akashika, akakuta kitu kigumu, ukubwa wa korosho yenye ganda lake, hakiumi. Aliniambia jioni tukimenya ming'oko. "Dada, maziwa yameganda." Nikamwambia akande kwa maji ya moto, basi. Ushauri wangu wa kwanza kwake ulikuwa huo, na ulikuwa mbaya.

Zahanati aliyokwenda nao walisema maziwa, wakampa vidonge. Uvimbe ukabaki, wakampa vingine. Ukaingia mwezi wa kumi na minada ya korosho, wakati kila mtu ana pesa na kila mtu anataka nguo mpya, akasema ataenda hospitali kubwa akishamaliza kazi za watu. Halafu bibi mmoja akaleta dawa ya kuchua. Tangu siku ya ile blauzi mpaka siku alipotolewa kinyama cha kupimwa, ilipita miezi tisa. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke awe amepata jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Sisi tulizitumia siku hizo mara nne na zaidi, na karibu muda wote huo hakusikia maumivu yoyote.

Hapo ndipo tulipopotea. Kwetu ugonjwa hupimwa kwa maumivu: kinachouma kinapelekwa hospitali, kisichouma kinasubiri mavuno. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi unapoanza. Kwa hiyo, ndugu yangu, angalia mengine: uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyovutika au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ndani wakati zamani haikuwa hivyo, chuchu inayotoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona. Jishike siku chache baada ya hedhi kwisha, maana kabla yake matiti hujaa na kukudanganya. Unanyonyesha? Mnyonyeshe mtoto kwanza, kisha shika titi likiwa tupu. Kunyonyesha kunapunguza hatari ya ugonjwa huu lakini hakuuzuii, na umri mdogo pia hauuzuii.

Ukiambiwa ni maziwa na baada ya wiki mbili uvimbe bado upo, rudi. Omba ultrasaundi, na ikibidi utolewe kinyama. Kwa msichana, ultrasaundi mara nyingi huona vizuri kuliko mamogramu, yaani eksirei ya titi, kwa sababu titi la kijana limeshikana. Sema kwa mdomo wako: "Naomba nipimwe kama ni saratani." Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na huenda ukarudi nyumbani unamshukuru Mungu. Lakini vidole haviwezi kukwambia upi ni upi.

Yeye alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, mpaka Mbagala kwa binamu yetu, na kila baada ya siku 21 safari ikaanza upya. Moja ya dripu zake ilikuwa nyekundu kama juisi ya choya. Usiku ule aliniita chooni anatetemeka: mkojo umetoka mwekundu, akadhani anavuja damu. Ilikuwa rangi ya dawa tu. Ukimsindikiza mgonjwa wako, muulize muuguzi mapema kila dripu itamfanya nini, hofu ya usiku kama ile inaepukika.

Nywele zilipotoka alijifunga mtandio, akasema sasa ataokoa pesa ya msusi. Baadaye walimbadilishia dawa, kucha zikawa nyeusi, vidole vikafa ganzi. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, uzi mkono mmoja, sindano mkono mwingine, anajaribu na kujaribu. Nilitaka kumtungia, akaukwepesha mkono wangu. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu tuanze.

Mumewe hakumwacha hata siku moja. Nalisema hili kwa heshima, maana nimeona wanaokimbia.

Kuhusu pesa, kilichotumaliza ni nauli, chakula na siku za kulala Dar. Mara moja tuliruka dripu kwa kukosa nauli, na hilo nalo linaniamsha usiku. Kilichochangwa siku moja ya msiba kingetosha safari za miezi sita. Wenye mgonjwa, itisheni mchango angali hai. Na majibu yote yawekeni kwenye bahasha moja, mtembee nayo, hata mkienda kituo kilekile.

Ugonjwa ulipofika kwenye mapafu akaanza kukohoa. Hapo ndipo neno "kifua" lilipopatikana, na ndugu wakalishika. Simlaumu shangazi. Kwake titi ni la mume na mtoto, halitajwi mbele ya watu. Hata mimi nilipochezwa unyago, somo wangu alinifunda mambo mengi ya mwili wangu, ila hakuna aliyeniambia nijishike kifua kutafuta uvimbe, kwa sababu naye hakuambiwa.

Juni hii kulikuwa na unyago kwa ndugu zetu wa Mikindani. Nilimwendea kungwi siku mbili kabla, nikamwomba robo saa ya kuzungumza na wanawali na mama zao. Akafikiri, akasema, "Njoo, lakini useme kama mtu mzima." Nilisimama uani nikataja jina la mdogo wangu, nikataja ugonjwa wake, nikaonyesha juu ya kanga yangu namna ya kushika, vidole vitatu vimelala, kuzunguka taratibu mpaka kwapani. Shangazi alikuwapo. Hakusema neno, na hakuondoka.

Watu walipotawanyika, mwanamke mmoja alibaki tukikunja mikeka. Alikunja wa kwanza, akakunja wa pili, ndipo akauliza bila kunitazama: "Na kama haliumi, lakini lipo tangu Ramadhani?"

Jumatatu alinitangulia kituo cha daladala. Siku hizi tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara, Mitengo. Njia nzima tulizungumza bei ya ufuta.