Muulize Fundi wa Picha: Mbona slaidi za baba zinatoka nyekundu na giza?

SWALI
Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa reli, enzi zile za East African Railways, na alikuwa na kamera yake anapenda kweli kupiga slaidi, zile filamu ndogo za picha kwenye fremu za kuangalia kwa projekta. Katuachia sanduku la bati lina slaidi kama mia tatu hivi za kuanzia 1966 mpaka 1975, bandari ya Tanga, mashamba ya mkonge, harusi za mashangazi. Nikapeleka kumi kwenye studio moja mjini wakaniskania, nilivyorudishiwa nikachoka, zingine nyekundu kama zimechovywa kwenye juisi ya rozela, zingine zina ubluu, na zote giza, shangazi sura haionekani kabisa, wakati slaidi yenyewe nikiishika dirishani sura naiona vizuri tu. Sasa nimeazima skana, Epson V600, nataka nifanye mwenyewe. Nianzie wapi?
Binti wa Reli, Tanga

JIBU
Marahaba mwanangu, na poleni na mzee, kawaachia mali hiyo.

Kabla hujawasha skana kuna swali moja ujijibu, maana watu wengi wanahangaika miezi kwa sababu hawakujiuliza. Unataka rangi ilivyo kwenye slaidi leo, au rangi iliyokuwepo siku ile ya harusi? Hivyo ni vitu viwili. Filamu ikishapauka, skana yako inaweza kuwa sahihi kabisa na picha bado ikatoka nyekundu, kwa sababu slaidi yenyewe ni nyekundu. Kwa hiyo mi nakushauri skani kwanza ilivyo leo, tunza hiyo, halafu ya siku ya harusi uitafute baadaye kwenye kompyuta, kwenye kopi.

Sasa zitoe uziangalie fremu. Nina hakika kama si zote basi nyingi zimeandikwa Kodachrome au Ektachrome, aina mbili za filamu za Kodak, na hapo ndipo siri ya wekundu na ubluu ilipo. Ektachrome za miaka ile zikikaa, hata gizani sandukuni, rangi zake zinakufa, na mara nyingi inayotangulia ni sayani, ile ya kibluu-kijani. Kazi ya sayani ni kuzuia mwanga mwekundu usipite, sasa ikiondoka wekundu unapita tu bila mlinzi, ndo hiyo rozela yako. Kodachrome ni tofauti, ikikaa gizani inadumu sana, kinachoiumiza ni mwanga wa projekta, kwa hiyo zile ambazo mzee alikuwa akiwaonyesha wageni kila sikukuu zinaweza kuwa zimechoka kuliko zile ambazo hakuna aliyezitaka. Ubluu wa Kodachrome mara nyingi wala si kupauka. Rangi zake ndani si sawa na za filamu nyingine, na skana haioni kama jicho, inaona kupitia vichujio vyake, na imepangwa kwa filamu za kawaida. Ukiipa Kodachrome inakosea kuelekea bluu. Fremu ikiwa imebadilishwa na huna uhakika, inamishe slaidi kwenye taa, upande usiong'aa wa Kodachrome utaona kama picha imechongwa kidogo, ina miinuko.

Kwa hiyo zitenge mafungu mawili na kila fungu liwe na mpangilio wake, usizichanganye kwenye holda moja (kile kishikizo cha slaidi cha skana) halafu ukategemea muujiza.

Giza sasa. Studio bila shaka waliacha kila kitu kwenye oto. Oto inatafuta sehemu nyeupe kuliko zote, labda kanzu juani au mbingu, inapanga mwanga kwa hiyo, shangazi aliyekaa kivulini anaachwa hukohuko. Na slaidi ina nafasi kubwa mno kati ya nyeupe na nyeusi, sehemu nyeusi kabisa inaweza kupitisha mwanga sehemu moja tu katika elfu nne hivi, skana ya bapa kama hiyo yako inapata taabu kweli kuona mle ndani. Dirishani ulimwona kwa sababu jicho linajirekebisha lenyewe ukihamisha macho, skana haina ujanja huo. Halafu kumbuka slaidi hazikutengenezwa ziangaliwe sebuleni mchana, zilitengenezwa kwa chumba cha giza na projekta, na gizani jicho linaona tofauti ya weusi na weupe kama imepungua, ndo maana watengenezaji wakaikaza makusudi. Ukiileta kwenye skrini chumba kikiwa na mwanga lazima ionekane ngumu, vivuli vizito. Kwa hiyo kuifungua kidogo vivuli si kudanganya.

Kwenye skana: chagua filamu ya rangi pozitivu, ndiyo slaidi (usichague negativu, ile yenye rangi kinyume, usicheke, watu wanafanya), chagua biti 48 ili ipate ngazi nyingi za rangi, na zima oto zote, ya rangi, ya mwanga, ya kunoa, na ile ya kurudisha rangi zilizopauka pia izime kwa sasa. Fungua histogramu, ile milima inayoonyesha picha ina weusi na weupe kiasi gani. Upande wa kulia ni weupe, hakikisha mlima haujagonga ukuta, kwa sababu kwenye slaidi weupe uliopotea umepotea, pale filamu ni plastiki tupu. Acha nafasi kidogo pande zote mbili. Picha itaonekana imepoa, haina ladha, usiogope, hiyo ni unga bado haujawa chapati. Ukubwa dpi (nukta kwa inchi) 2400 inakutosha, kwenye boksi wameandika 6400 lakini skana ya bapa haifiki huko kwa undani wa kweli, utajaza diski bure. Hifadhi TIFF, faili isiyopunguza ubora wa picha.

Na haya madogo ambayo ndiyo yanaharibu kazi: matundu ya holda yasiyo na slaidi yazibe kwa kadi nyeusi, mwanga unaopenya pembeni unasambaa na kufanya weusi uwe kijivu. Ila kile kidirisha kinachoachwa wazi juu ya holda usikizibe kamwe, skana nyingi ndipo zinapojipimia mwanga, ukiweka kidole tu pale rangi zote zinaenda kombo na hutajua kwa nini. Vumbi pulizia kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, na zenye ukungu (Tanga na unyevu ule lazima zipo) usizipanguse kwa maji, ule ukungu unakula jelatini na maji yanaweza kuondoka na picha.

Baadaye kwenye kopi ndo unamtafuta shangazi. Zile nyekundu, usivute kitelezi cha joto la rangi ukadhani utamaliza, utarekebisha uso vivuli vibaki vyekundu. Nenda chaneli moja moja, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja na histogramu yake. Chaneli nyekundu, vuta ncha ya kushoto ndani mpaka pale mlima unapoanza, utaona vivuli vinarudi kuwa vyeusi ghafla, halafu angalia kijani na bluu kama zinahitaji hivyo. Katika picha za harusi tafuta kanga ya kisutu, nayo ni zawadi ya bure, ina nyeupe, nyeusi na nyekundu mahali pamoja: nyeusi iwe nyeusi, nyeupe isiwe na rangi, halafu nyekundu ikikaa vizuri na ngozi itakaa. Hata kama bado mnayo kisutu yenyewe kabatini usiilinganishe sana, nayo imefuliwa miaka hamsini. Vitu vya kutoamini ni kanzu kivulini, ile ni ya kibluu kweli kwa sababu inaangaziwa na mbingu, ukiilazimisha iwe nyeupe wote watageuka wa njano.

Kama una hela kidogo, kuna slaidi ya vipimo inaitwa IT8, ina vijisanduku vya rangi vilivyopimwa, unaiskani mara moja na programu kama VueScan au SilverFast inatengeneza profaili ya skana yako, yaani faili la kusahihisha makosa yake ya rangi. Kwa Ektachrome inafaa sana. Ya Kodachrome ni adimu na bei yake inatisha, filamu yenyewe ilisitishwa 2009. Lakini mi ningeanza na skrini: laptopu nyingi zimewashwa mwanga mkali kupita kiasi, unaona picha imeng'aa kumbe faili ni giza, ukiichapisha unalia. Shusha mwanga mpaka karatasi nyeupe iliyopo pembeni yake na skrini zifanane, na usikae dirishani. Ya kutuma kwa mashangazi WhatsApp toa JPEG ya sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu na skrini nyingi zinauelewa.

SWALI
Fundi, skana yangu ina Digital ICE ya kuondoa vumbi, kwenye slaidi nyingine safi, kwenye Kodachrome inatafuna ukingo wa majengo. Ni mbovu?
Msomaji, Mombasa

JIBU
Si mbovu. Inatafuta vumbi kwa infraredi, mwanga ambao jicho halioni, filamu za kawaida infraredi inapita kama kioo, Kodachrome inaizuia kiasi, kwa hiyo mashine inadhani minara ni vumbi. Izime kwa Kodachrome, vumbi utoe kwa mkono.

SWALI
Sina skana, naweza kupiga slaidi kwa simu juu ya skrini nyeupe ya laptopu?
Kijana wa Morogoro

JIBU
Unaweza kujua ni nani yumo kwenye picha, basi. Ukijaribu, inyanyue slaidi sentimita kadhaa juu ya skrini usipate vidoti vya pikseli, zima taa ya chumba, funga ekspoja (kiasi cha mwanga) na wait balansi (mizani ya rangi) ya simu isijipange upya kila slaidi. Balbu za LED za bei chee ziepuke, wekundu wake ni haba na hakuna programu itakayokurudishia.