Maswali ya wasomaji: Alexander alitosha wapi makuta ya vita?

Swali, mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi: Jambo yenu. Bwana yangu anasema Alexander wa Makedonia alikuwa mfalme tajiri njo maana akaweza Uajemi, mimi nasema alikuwa na njaa akaenda kutafuta. Nani anasema kweli? Na basoda yake, walipata kitu?

Jibu: Mama, wewe njo uko karibu na kweli, lakini mwambie mzee wa nyumba polepole. Arrian, mwandishi wa zamani wa historia ya Alexander, anaandika Alexander alisema mwenyewe mbele ya basoda: baba yake Philip alimuachia talanta hazifike hata 60 mu hazina, na deni ya 500, kisha yeye akakopa tena 800 juu yake. Talanta moja ni kama kilo 26 za feza. Na Philip hakukosa machimbo, ile zahabu ya mulima Pangaion ilikuwa inamuingizia zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka, ila jeshi ya kulipwa ilikuwa inakula yote (sisi watu wa Katanga hatuna wa kutufundisha kwamba kuwa na mine na kuwa na makuta ni mambo mbili).

Basi vita ikawa njia ya kulipa vita. Mwaka 335 mbele ya Yesu alibomoa Thebes, muji ya Wagiriki, watu zaidi ya 30,000 wakauzwa utumwa, ikaingia talanta 440, ni bei ya aibu. Mwaka wenye kufuata, kisha kukamata muji ya Miletus, akaachisha kazi meli zake za vita juu hakukuwa makuta ya kuzilisha. Kama angesimama pale deni ingemumeza, kwa hiyo ilikuwa paka kwenda mbele mpaka Susa na Persepolis, miji ya wafalme wa Uajemi. Kule Persepolis Diodorus, mwandishi mwingine wa zamani, anahesabu talanta 120,000, feza ya wafalme wa Uajemi yenye ilikuwa imelala tu.

Sasa basoda. Mwaka 324, kule Susa, kisha miaka kumi ya kushinda na kupora, walikuwa na madeni! Alexander akasema nitawalipia, waandikishe majina, karibu wote wakakatala, waliona ni mtego wa kujua nani anakula kupita mushahara. Akakasirika, akaweka meza zenye makuta, mtu aonyeshe tu karatasi ya deni, jina haliandikwe. Arrian anasema zilitoka talanta 20,000, Plutarch, naye mwandishi wa zamani, anasema 9,870, lakini hata ukishika ile ndogo, ujiulize zilienda kwa nani: kwa wale wenye walikuwa wamewakopesha.

Na Harpalus, mtunza hazina wa Alexander? Mwaka ule ule alikimbia na talanta 5,000. Kufika Athens akasema ako na 700, wakazipandisha Akropoli, ile ngome ya juu ya kilima cha muji, kuzichunga, kuhesabu wakakuta kama nusu tu. Demosthenes, ule msemaji mkubwa, wakasema alikula rushwa mu zile feza, akapigwa amande ya talanta 50.