Maswali ya Wasomaji: Kinachoshikilia Kromosomu

Swali: Shikamoo Mhariri. Katika hadubini ya shule niliona kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA, yaani maelekezo ya urithi) za mzizi wa kitunguu zimejipanga katikati ya seli. Kwa nini nakala zake haziachani mapema? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi)

Jibu: Marahaba. Kabla seli haijagawanyika, DNA ya kila kromosomu hunakiliwa, na tangu hapo nakala hizo mbili hushikamanishwa na kohesini, protini yenye umbo la pete. Nyuzi za spindeli huzivuta kuelekea pande mbili, lakini separasi, kimeng'enya kinachoikata pete hiyo, huzuiwa na protini ya sekyurini mpaka kila kromosomu iwe imenaswa sawasawa na nyuzi za pande zote mbili. Hata moja ikichelewa, seli nzima husubiri, na hapo ndipo ulipoikuta. Sekyurini ikishaharibiwa, pete hukatwa, na kila upande wa seli ya kitunguu hupata kromosomu 16.