Ditekta Iliyovishwa Glavu

Barua mlizoniandikia mwezi huu, mimi fundi mzee wa kengele za moto, ni nne: tatu kutoka mkoa wa Kigoma na moja ya hapa hapa Tabora. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenikumbusha mambo yangu mwenyewe. Wenye zile nyingine mtanisamehe.

Mwakeye mzee, na shikamoo. Mimi ni fundi kijana wa Kasulu, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Mkandarasi wangu ana mkataba wa kutunza kengele za moto kwenye hospitali moja mkoani kwetu. Paneli, lile sanduku linalopokea taarifa na kuliza king'ora, ni ya zoni nane, yaani jengo limegawanywa maeneo nane. Tangu mvua zianze, zoni ya tatu inalia karibu kila usiku. Watoto wanaamka, wagonjwa wanatoka nje na dripu mkononi. Nikifika asubuhi naambiwa wameshabonyeza riseti, kitufe cha kuirudisha paneli kwenye hali ya kawaida, na hakuna kitu. Juzi nimepanda ngazi nikakuta ditekta mbili, vile vifaa vya darini vya kunusa moshi, zimevishwa glavu za mpira, zile za kupimia wagonjwa. Muuguzi wa zamu kaniambia nisizivue. Sasa uongozi unataka nizime zoni nzima hadi mvua ziishe. Nifanyeje?
*Fundi Chipukizi, Kasulu*

Marahaba mwanangu. Glavu hizo nazijua. Nimeshazivua kwenye dari za hospitali tatu, na moja niliikuta imezungushiwa plasta ya kidonda, kazi safi kuliko yangu. Usimkasirikie muuguzi. Yuko peke yake na wodi nzima, king'ora kimempigia kelele wiki nzima, na sisi mafundi tunafika saa tatu asubuhi tumeshakunywa chai. Mtu wa namna hiyo lazima atafute glavu.

Hata hivyo, afadhali angeing'oa kabisa. Ditekta ikitoka kwenye kitako chake, waya wa zoni unakatika, paneli haiioni tena ile rezista ya mwisho wa laini (kijipande kinachoijulisha paneli kuwa waya haujakatika), na taa ya njano ya hitilafu inawaka. Mlinzi anaiona, katibu anaiona, hata mkaguzi wa Zimamoto akipita anaiona. Glavu haikati waya. Paneli inabaki na taa yake ya kijani kana kwamba wodi ina mlinzi, kumbe mlinzi amefunikwa uso. Kwa hiyo zivue leo, kabla hujajua sababu ya kulia, na umwachie muuguzi namba yako ya simu. Umwambie: ikilia usiku, nipigie mimi kwanza kuliko kutafuta glavu. Kisha upokee.

Kuhusu kuzima zoni, usikubali kwa maneno ya mdomo. Andika kwenye daftari la mfumo: zoni gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, nani atazunguka kwa miguu kila nusu saa kunusa na kuangalia, halafu umpelekee mganga mfawidhi asaini. Nimeona wengi wanaotoa amri kwa sauti kubwa wakikumbuka ghafla kuwa wana kikao, pale tu unapowapa kalamu. Akikuuliza kwa nini unamsumbua, mkumbushe Baghdad, Aprili 2021. Mtungi wa oksijeni ulilipuka kwenye hospitali ya Ibn al-Khatib, watu zaidi ya 80 wakafa, na idara ya ulinzi wa raia ya Iraq ikasema jengo halikuwa na mfumo wa kujikinga na moto na kwamba dari za bodi zilisaidia moto kusambaa. Oksijeni tunayo sisi pia, na dari za bodi tunazo.

Sasa tutafute sababu. Adui yako mkubwa ni hiyo riseti. Ditekta iliyolia hubaki na taa yake nyekundu imewaka mpaka mtu abonyeze riseti, na akishabonyeza ushahidi umefutika. Paneli ya zoni haina anwani ya kila ditekta, inajua tu kwamba kuna kelele mtaa wa tatu. Wafundishe watu wa zamu hatua moja ya ziada: wakague wodi, wanyamazishe king'ora, waache riseti, watembee zoni yote wakitazama juu, waandike ditekta ipi ina taa nyekundu. Hapo ndipo waguse riseti.

Wakikuta taa nyekundu, tatizo liko kwenye ditekta hiyo au hewa inayoizunguka. Wasipokuta taa popote, wala kibonyezo cha ukutani hakijavunjwa kioo, shuku waya. Paneli ya namna hiyo hujua kuna moto kwa kuona mkondo umeongezeka kwenye laini, na maji yakipenya kwenye kiungio cha waya chini ya bati linalovuja nayo hupitisha mkondo. Wewe umesema tangu mvua zianze. Ningekuwa mimi, ningeanza na paa kabla ya ngazi ya wodini.

Likiwa ni suala la ditekta, mvua hizo hizo huleta kumbikumbi. Wanafuata taa ya korido, na kama aliyefunga ditekta aliibandika jirani na taa, umeshapata jibu. Buibui naye hupenda kile kijumba cheusi cha ndani. Kwenye ditekta za macho, kijitaa hupiga mwanga gizani na jicho limekaa pembeni, mahali lisipouona. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya ule mwanga, jicho linauona, king'ora kinalia. Mguu wa buibui unafanya vile vile, na mvuke pia.

Mvuke ndio ulionifundisha kazi hii. Ilikuwa Julai, baridi ya Unyamwezi ile ya kupanda ngazi na koti, kwenye hospitali moja ya mkoa huu. King'ora kililia kila alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, korido ya wodi ya wazazi. Nikabadilisha ditekta. Ikalia. Nikabadilisha tena, mpya kabisa, nikawatoza na pesa (mpaka leo nikiikumbuka ile risiti naona aibu). Ikalia. Safari ya tatu nikaenda na blanketi na chupa ya chai, nikalala kwenye benchi la korido pamoja na ndugu wa wagonjwa.

Saa kumi na moja na nusu wakaingia kina bibi wawili na ndoo za maji ya moto, yamechemshwa kwenye majiko ya nje kule jamaa wanakopikia. Wakapita na mabinti zao waliojifungua, wakaingia bafuni kuwakanda. Mimi mwanamume sikuweza kusogea, nikamwomba mama mhudumu wa usafi achungulie. Akaniambia bafu limejaa ukungu hadi hamwoni mtu. Mlango ulipofunguliwa wimbi lote likatoka kwenye ile korido ya baridi, na ditekta ilikuwa chini ya mita moja kutoka juu ya mlango. Taa nyekundu tap, king'ora juu. Vitanda viwili vya watoto wachanga vikaanza kulia pamoja nacho.

Kina bibi wasingeacha kukanda, wala sikuwa na ubavu wa kuwaambia. Nilichofanya ni kuihamisha ditekta mita tatu upande wa pili, nikihakikisha bado hakuna kona ya korido iliyo mbali nayo zaidi ya mita 7.5, na fundi seremala akatia springi mlango ujifunge wenyewe. Kazi ya saa mbili, baada ya wiki tano za kubahatisha.

Kuna mtu atakushauri uweke ditekta ya joto mahali pa ile ya moshi, kwa kuwa yenyewe haisumbuliwi na mvuke. Jikoni sawa. Chumba cha mashine ya kutakasa vifaa sawa. Wodini na kwenye korido ya wodi, hapana. Aina ya kawaida husubiri hewa ya darini ifike karibu nyuzi 57 au zaidi, na mgonjwa aliyelala hawezi kuusubiri moto ufike huko, moshi utakuwa umeshamkaba.

Halafu mwanangu, usijaribu ditekta kwa kuchoma kitambaa. Tumia moshi wa kopo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kabla hujafungua bodi ya dari juu ya kitanda, mwombe muuguzi mfawidhi amhamishe mgonjwa. Vumbi la juu ya dari lina kuvu, na mtu mwenye kinga hafifu halihitaji kabisa.

Shikamoo baba. Mlango wa wodi yetu ya watoto njiti umewekewa kufuli la sumaku la kufungua kwa kadi, baada ya tukio la mtu kutaka kutoka na mtoto asiye wake. Wiki iliyopita mtambo uligoma, kadi hazikukubali na kitufe cha kutokea hakikufanya kazi. Tulikaa ndani dakika ishirini. Je, ungekuwa moto?
*Muuguzi, Tabora mjini*

Marahaba binti yangu. Mngevunja mlango, na si rahisi. Sumaku ya kawaida ya milango hiyo hushika kwa nguvu ya kama kilo 280.

Sumaku hushika kwa umeme, umeme ukikatika inaachia. Mafundi wakaweka betri ili wakati wa mgao mlango usibaki wazi, jambo la maana kwa watoto. Tatizo ni kitufe chenu. Bila shaka kimeunganishwa kwenye mtambo wa kadi, kwa hiyo mtambo ukilala nacho kinalala. Mwambieni fundi awawekee vitu viwili. Kwanza, kikasha cha kijani cha kuvunja karibu na mlango kwa ndani, kinachokata waya wa sumaku moja kwa moja, umeme wa TANESCO na wa betri kwa pamoja, bila kupitia kwenye mtambo. Pili, waya kutoka paneli ya moto, kengele ikilia sumaku iachie yenyewe. Msimlipe mpaka alize kengele mbele yenu na mlango ufunguke kwa kusukumwa na kidole.

Najua utauliza: mwizi wa mtoto si atavunja kioo cha kengele ili mlango ufunguke? Anaweza. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya moto apangwe mtu kwa jina, kazi yake ni kusimama kwenye mlango huo na kuhesabu watoto wanaotoka na walio mikononi mwa nani. Kamera nayo itazame mlango. Isitazame vitanda ambako kina mama wananyonyesha, hata kama mkuu wa ulinzi anataka kuona kila kitu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla ya sheria tulikuwa na haya.

Fundi wetu anataka tununue betri mpya za paneli ya moto. Zilizopo nimezipima mwenyewe na mita, zinasoma volti 26. Naona ananitafutia gharama.
*Katibu wa Afya, Kibondo*

Ndugu Katibu, nakupongeza kwa kushika mita, wenzako hawashiki. Ila ulipima huku chaja imewashwa, na betri mfu ikiwa kwenye chaja husoma vizuri kama mzima. Zima swichi ya umeme wa paneli, subiri angalau saa moja, liza king'ora, upime kikiwa kinalia. Zikishuka haraka chini ya volti 22 au 21, fundi wako ni mkweli. Zikikaa, zungumza naye.

Mfumo unatakiwa kuishi bila umeme saa 24 na baada ya hapo bado uweze kulia nusu saa. Ndivyo vinavyotaka viwango vya Uingereza ambavyo paneli nyingi za kwetu zimefuata. Hesabu ni ya darasa la saba. Paneli ikila ampea 0.12 ikiwa kimya, kwa saa 24 ni ampea-saa 2.88. Ving'ora vikila ampea 0.8 kwa nusu saa ni 0.4. Jumla 3.28, ongeza robo kwa ajili ya uzee wa betri, unapata 4.1. Betri mbili za volti 12 zenye ampea-saa 7 zilizofungwa mfululizo zinatosha na kubaki. Ukiongeza ving'ora, rudia hesabu.

Kigoma mliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kuwafikia, kwa hiyo giza mnalijua. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri siku zinapofungwa. Baada ya miaka minne nazibadilisha bila mjadala, na kama paneli iko kwenye kile chumba cha stoo chenye bati bila dari, siisubiri hata hiyo minne. Joto hula betri.

Binti yangu kamaliza kidato cha nne anataka kusomea kazi yenu. Mjomba wake anasema kupanda ngazi si kazi ya mwanamke.
*Mama, Nguruka*

Mama, VETA ipo Kigoma na ipo Tabora. Aanze na umeme wa majumbani, ajue waya na ethi kabla ya kamera, baadaye atafute leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ngazi atazoea, mimi mwenyewe nilitetemeka mwaka mzima. Na umwambie mjomba kwamba usiku ule wa kina bibi na ndoo zao nilihitaji kumtuma mhudumu akanichungulie bafuni. Binti yako angeingia mwenyewe.