Elki Si Mbuzi wa Idi

Kila ikifika Machi simu yangu huanza kulia. "Ami, nasikia wewe siku hizi unawinda. Nishike mkono basi, nami nipate nyama ya bure." Hilo neno "bure" hunichekesha kila mara. Naandika leo mara moja, kwa nyote mlioko huku Colorado, Marekani, na mnaotaka kuingia mwituni mwaka huu, nisije nikarudia hadithi hizi mpaka sauti ikauke.

Mimi ni mtoto wa Malindi, mwana wa mvuvi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo katika utoto wangu mtu mwenye bunduki porini alikuwa askari wa wanyamapori au jangili, hapakuwa na wa tatu. Nilipofika huku nilifanya kazi miaka mitatu katika kiwanda cha nyama, nikatoka na kisu kikali na kiburi kikali zaidi. Aliyenifundisha kuwinda ni jirani yangu, Mmarekani wa makamo ya babu, nami nitamwita Mzee tu.

Makaratasi ni haya. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Usipokuwa nacho, kwa kawaida huuziwi leseni. Maombi ya bahati nasibu ya leseni hufungwa mapema Aprili, na anayekumbuka Mei ameshachelewa. Hakikisha umetimiza miezi sita ya kuishi jimboni ili uhesabiwe mkazi, maana anayetoka nje ya jimbo hulipia leseni ya dume la elki, mnyama wa jamii ya kulungu, zaidi ya mara kumi ya bei yako. Mwenye viza ya muda aulize sheria ya bunduki kwanza, kabla hata hajashika ya rafiki. Na msimu wa bunduki uvae rangi ya chungwa ile inayowaka, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyohiyo. Pinki inayowaka nayo inakubalika tangu 2016. Rafiki yangu wa Kigoma aliuliza, "Sasa si wanyama watatuona tangu barabarani?" Hawatakuona. Macho yao hayaipambanui rangi hiyo vizuri. Kwao ni kama kijivu au hudhurungi. Ni pua zao za kuogopa.

Nami pua zile nilizijua kwa aibu. Safari yangu ya kwanza mama watoto alinifungia nguo kwa mapenzi yote: kazifua kwa sabuni ya maua, kazipiga pasi, kisha kazifukiza udi, kama anavyofanya nikienda harusini. Saa kumi na moja alfajiri naingia kwenye gari la Mzee. Akashusha kioo. Baridi ya kuganda, naye kashusha kioo! Akaniuliza, "Nani anaoa?" Siku ile tuliona matako ya elki sita, manjano yale, yakipotea msituni umbali wa uwanja wa mpira mara tatu. Hatukuona kichwa hata kimoja. Tangu hapo nguo za mwituni nazifua kwa sabuni isiyo na harufu, nazianika nje, na haziingii chumba cha kulala.

Lakini hata ukinuka kama jiwe, upepo utakusaliti. Hapa watoto wa pwani tuna bahati, maana jambo lenyewe tunalijua kwa jina jingine. Baba yangu alitoka na umande, upepo wa alfajiri unaovuma kutoka nchi kavu, akarudi na upepo wa baharini. Mlima nao una kwenda na kurudi kwake. Kabla ya jua, hewa baridi ni nzito, huteremka bondeni kama maji. Basi wewe uwe chini ya mnyama. Jua likishapiga mteremko, hewa hupata joto ikapanda, na hapo ukibaki chini umekwisha, harufu yako inawafikia kabla yako. Jioni hugeuka tena. Mzee hubeba kichupa cha poda ya mtoto. Kila dakika chache hukibinya, anatazama ile vumbi nyeupe inakokwenda. Nilidhani ni mambo ya uganga. Sasa nami ninacho changu.

Septemba ni msimu wa mishale, na ndipo madume huita. Sauti ya elki dume si ya kishindo kama mwili wake. Ni mluzi mrefu unaopanda juu, mwembamba, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, halafu unamalizikia kwa miguno. Kuna filimbi za kuwaigiza. Mzee alinipa moja akaniambia nipulize kidogo tu. Nikapuliza. Ng'ambo ya kijito akajibu. Nikapuliza tena, akajibu kwa hasira. Tuliendelea hivyo saa nzima na ushei, tunasogeleana mti kwa mti, moyo wangu unadunda kama ngoma ya chakacha. Kwenye uwazi mdogo vichaka vikafunguka, akatokea bwana mmoja mnene mwenye filimbi mdomoni. Tukatazamana. Akanisifu: "Wewe ulikuwa dume kweli." Ndiyo maana huinui upinde wala bunduki kwa sauti, wala kwa jani linalotikisika. Uone mwili mzima, uone kichwa, uone na kilicho nyuma yake. Yule bwana ana watoto nyumbani.

Kulenga penyewe ni kufupi kueleza: nyuma tu ya bega, usawa wa mapafu, mnyama akiwa amesimama ubavu. Shida ni mikono. Rafiki yangu wa Kigoma, ambaye uwanja wa shabaha alikuwa hakosi, alisimamishiwa dume la kulungu mita 80. Nikamsikia: klaki, klaki, klaki, klaki. Akaniangalia, macho yamemtoka, akanong'ona, "Nimempiga?" Risasi nne nzima zilikuwa zimelala kwenye theluji mbele yake. Alivuta komeo la bunduki mara zote nne, akazitema zote, kidole hakijagusa triga. Kulungu akamaliza kula, akaondoka kwa miguu. Homa hiyo haina chanjo. Mimi huhesabu pumzi tatu, na ya tatu naitoa nusu.

Kwa Waislamu wenzangu: Bismillahi unaisema kabla ya kufyatua, si ukishamfikia. Masheikh wengi wa zama hizi wameikubali risasi kwa sababu inapasua na kutoboa, haiui kwa kishindo tu. Lakini ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Muulize imamu wako mapema, usimpigie simu ukiwa mlimani. Huko mtandao wenyewe haupo.

Sasa nyama ya bure. Elki, huyo jamaa ya kulungu, dume lake laweza kupita kilo 300. (Kulungu wengi wa milimani huku wamepewa jina la nyumbu kwa ajili ya masikio, ni nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si wa Mara.) Dume langu la kwanza lilianguka saa tatu asubuhi, kwenye korongo, kilomita nne na nusu kutoka kwenye gari. Nikashangilia. Mzee hakushangilia. Alikaa kwenye gogo akavua kofia, akanitazama kama daktari anayetafuta maneno.

Kiwandani ng'ombe huning'inia kwenye ndoano na kukufuata mwenyewe. Korongoni elki amelalia ubavu, miguu imeelekea juu ya mteremko, na ukimsukuma anateleza, na wewe pamoja naye. Mzee alinionyesha: hupasui tumbo. Unachuna upande wa juu, unatoa mguu wa mbele, unatoa paja, unavuta sarara yote kandokando ya uti wa mgongo, halafu unamgeuza. Fanya haraka, hata kama kuna theluji. Lile manyoya ni blanketi. Joto hubaki kwenye nyonga, na nyama huanza kuharibikia pale karibu na mfupa huku nje yapendeza. Mifuko ya kitambaa ya kuwekea nyama nilikuwa sikununua, niliona bei kubwa. Nilichukua foronya nne za nyumbani. Zilifaa sana, inzi hawakugusa nyama. Habari za foronya zenyewe nitawaambia.

Kiburi cha kisu kilinitoka palepale. Nilisafisha paja la kwanza kama la kuwekwa dirishani kwa bucha, nikashika na zile sehemu za kiume nizikate nizitupe. Mzee akapiga ukelele, ukelele kweli, mtu ambaye hajainua sauti mwaka mzima. Sheria inataka alama ya jinsia ibaki imeshikamana na nyama njia nzima, ili afisa akikusimamisha aone kwamba leseni ya dume imeua dume. Kipande kile nilikuwa nimeshakiwekea kisu. Basi nikalibeba paja na mapambo yake.

Nalo lilikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Wabebaji tulikuwa wawili, mizigo mitano. Ya kwanza unacheka. Ya pili unaanza kuwachukia wanaouza mikanda ya begi. Kimo cha mita 3,000 kinakunyima pumzi hata ukiwa huna kitu mgongoni, na mimi nilikuwa nimepanda jana yake tu kutoka mjini. Nendeni siku mbili tatu mapema mwili uzoee, na mnywe maji. Tulimaliza siku ya pili magharibi. Pembe ndizo zilizobebwa mwisho, kwa makusudi: sheria inakudai nyama yote inayolika, na mgongo uliochoka hupenda kusahau.

Usiku wa katikati tulilala hemani. Vaa sufu, usivae jinzi. Pamba ikilowa hukugandisha. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo utakuwa wazi. Mimi viatu niliviacha nje. Alfajiri vilikuwa mbao.

Jambo moja si la mzaha. Kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu na elki, ulionekana mara ya kwanza humu humu Colorado mwaka 1967, na mnyama anaweza kuwa nao akaonekana mzima. Katika maeneo mengine na miaka mingine kupima ni lazima, kwingine ni hiari. Mimi hupeleka kichwa kila mwaka, na nyama hukaa kwenye friza mpaka majibu yarudi.

Ya dume lile la kwanza yalirudi salama. Nyama ya elki haina mafuta, kwa hiyo pilau yake usiionee huruma samli. Mzee alikula sahani tatu. Zile foronya zilifuliwa mara nne, hazikurudi kitandani. Mama watoto amenunua mpya, na kwenye pindo la kila moja ameandika kwa wino usiofutika: SI ZA ELKI.