Jibu: Kuchagua picha kumi za Gombe

Ndugu yangu, umeuliza utachaguaje picha kumi kati ya 400 ulizopiga Gombe, ile hifadhi ya sokwe mkoani Kigoma. Anza na macho. Sokwe ni mweusi na msitu una kiza, kwa hiyo jicho lisipokuwa kali na lenye mng'ao, iondoe, hata kama ulipanda vilima kwa muda wa saa tatu kumfikia. Hapo ndipo wengi tunakwama, tunaipenda ile safari kuliko picha yenyewe. Mimi huziacha wiki mbili hapa Ujiji ndipo nazifungua tena. Mama akimchambua mwanawe manyoya, kwangu hiyo humshinda sokwe aliyekaa tu akitazama kamera. Za nyani ufukweni bakiza moja, ile ambayo Ziwa Tanganyika linaonekana nyuma yao.